Kutoka Kuhesabu Kompyuta hadi Majarida 300: Ukuaji wa Kampuni ya IDG

Kampuni ya International Data Group, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake IDG, ilianzia katika nyumba ya kuishi mjini Newton, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwezi Machi 1964. Mwanzilishi wake, Patrick McGovern, alikuwa hajatimiza miaka 27, na mtaji wake ulikuwa dola 5,000 alizopata kwa kuuza gari lake. Katika kilele chake kampuni hiyo ilikuwa ikitoa majarida na magazeti yapatayo 300 katika nchi zaidi ya 80, na hapakuwa na mchapishaji mwingine wa habari za kompyuta aliyeenea kiasi hicho. Wanaoisimulia historia hii husahau mara nyingi kwamba IDG haikuanza kama kampuni ya majarida. Ilianza kwa kuhesabu kompyuta. Hesabu ilitangulia, gazeti likafuata, na utaratibu huo ndio unaoeleza karibu kila kilichotokea baadaye, kuanzia kasi ya kupanuka kwake hadi namna ilivyogawanywa na kuuzwa.

McGovern alizaliwa mwaka 1937 huko New York, akakulia Philadelphia. Alipokuwa kijana alisoma kitabu cha Edmund Berkeley kilichotoka mwaka 1949, kilichozifananisha kompyuta na ubongo mkubwa. Kitabu hicho kilimkaa moyoni hata akaunda mashine ya kucheza mchezo wa kupanga misalaba na miduara, na kazi hiyo ikamsaidia kupata ufadhili wa kusoma MIT. Pale alisomea sayansi ya viumbe, akivutiwa na ubongo wa binadamu, na akahitimu mwaka 1959. Kisha akaajiriwa katika jarida la Computers and Automation, ambalo mwenyewe alikuwa Berkeley yule yule, na ambalo kwa kawaida hutajwa kuwa jarida la kwanza la kompyuta duniani. Alijifunza uhariri hapo. La maana zaidi, alipata nafasi ya kukaa na wakuu wa viwanda vya kompyuta na kuwasikiliza shida zao.

Shida moja ilijirudia. Katika mazungumzo na mkuu wa UNIVAC, McGovern aliambiwa kwamba watengenezaji hawakuwa na takwimu za kuaminika juu ya soko lao wenyewe. Wakati huo kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, na mashirika mengi hayakuinunua bali yaliikodi kwa mwezi. IBM ilishika sehemu kubwa ya soko hilo na haikuwa na sababu ya kuwatangazia wapinzani wake mahali mitambo yake ilipo. Kampuni nyingine, kama Honeywell, Burroughs, NCR, Control Data na UNIVAC yenyewe, zilijua wateja wao tu. Mtengenezaji aliyetaka kuamua aunde mashine ya ukubwa gani, au amtume muuzaji wake mji gani, alikuwa akikisia. Mwezi Aprili wa mwaka ule ule wa 1964 IBM ilitangaza familia ya kompyuta za System/360, na kukisia kukawa na gharama kubwa zaidi kuliko zamani.

McGovern alipendekeza sensa: kila kompyuta iliyofungwa nchini Marekani ihesabiwe, ijulikane ni ya aina gani, iko kwa nani na inafanya kazi gani. Aliwaandikia watengenezaji, nao wakakubali kulipia hesabu hiyo kabla haijafanywa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa International Data Corporation, au IDC, kampuni ya utafiti wa soko ambayo ndiyo shina la IDG. Pamoja na sensa, IDC ilitoa waraka wa habari za sekta kwa wateja waliolipia, wenye kurasa chache na takwimu nyingi.

Inafaa kutua kidogo hapa. Wachapishaji wengi huanza na jarida, ndipo hutafuta wasomaji, na mwisho huhangaika kuwashawishi watangazaji kwamba wasomaji hao wapo kweli. IDG ilikwenda kinyumenyume. Ilipofikia kuchapisha gazeti ilikuwa tayari na orodha ya mahali kompyuta zilipo na majina ya watu waliozisimamia. Ilijua pia nani angependa kuwauzia watu hao kitu, kwa sababu wauzaji ndio waliokuwa wateja wake wa kwanza. Hakuna mchapishaji mwingine wa fani hii aliyekuwa na akiba kama hiyo mkononi, na ni vigumu kuona jinsi ambavyo kampuni iliyoanza na bei ya gari moja ingekua haraka kiasi kile bila akiba hiyo.

Gazeti lenyewe lilitokana na kazi ya sensa. Wasimamizi wa vyumba vya kompyuta waliohojiwa walikuwa na kiu ya kujua wenzao katika mashirika mengine wanafanya nini: wanatumia mashine zipi, zimewasumbua wapi, wamezitatua vipi hitilafu zao. Majarida yaliyokuwapo yalitoka mara moja kwa mwezi na yaliandika kwa mtindo wa kitaaluma. McGovern aliamua kutoa gazeti la kila wiki lenye habari motomoto, na mnamo Juni 1967 likatoka toleo la kwanza la Computerworld. Muundo wake ulikuwa wa gazeti hasa, si wa jarida, lenye vichwa vya habari vikubwa na karatasi ya kawaida. Uamuzi huo ulipunguza gharama za uchapaji na kuruhusu habari ya katikati ya wiki kumfikia msomaji wiki inayofuata. Zaidi ya hayo, ulimpa msimamizi wa kompyuta, mtu ambaye katika mashirika mengi alihesabiwa kama fundi wa chumba cha nyuma, hisia kwamba kazi yake ni taaluma yenye habari zake.

Mapato yalikuwa na vyanzo viwili vikubwa, yaani ada za waliojiandikisha na matangazo, na cha pili kilikizidi cha kwanza kwa mbali. Miaka miwili tu baada ya Computerworld kuanza, tukio la nje ya kampuni liliongeza matangazo kwa namna ambayo mhariri yeyote asingeweza kuipanga. Juni 1969 IBM ilitangaza kwamba itaanza kutoza bei za programu na huduma mbalimbali kando na bei ya mashine. Kabla ya hapo aliyekodi mashine alipewa programu humo humo, kwa hiyo aliyetaka kuuza programu peke yake alikuwa akishindana na kitu cha bure. Baada ya tangazo hilo kampuni ndogo za programu zikapata nafasi ya kuishi. Nyingi hazikuwa na jeshi la wauzaji kama la IBM. Njia yao rahisi ya kumfikia msimamizi wa kompyuta wa Chicago na wa Houston kwa wakati mmoja ilikuwa kununua nafasi katika gazeti ambalo wote wawili wanalisoma. Kurasa za nafasi za kazi nazo zikanenepa, kwa maana waandishi wa programu walikuwa wachache na waajiri walikuwa wengi. Kwa wasomaji wengi wa miaka ile kurasa hizo za nyuma zilikuwa sababu tosha ya kulifungua gazeti.

Namna majarida ya fani hii yalivyompima msomaji inastahili maelezo, kwa kuwa bila kuielewa biashara yote haieleweki. Jarida la kawaida la mitaani hujivunia idadi ya nakala zilizouzwa. Majarida mengi ya kompyuta kwa mashirika, yakiwamo kadhaa ya IDG, yalitolewa bure kwa msomaji aliyejaza fomu. Fomu iliuliza cheo chake, ukubwa wa shirika lake, mashine alizo nazo na fedha anazoruhusiwa kutumia katika ununuzi. Aliyekuwa na madaraka ya kununua alitumiwa jarida bila malipo. Asiye nayo alikataliwa au alitakiwa kulipa. Mtangazaji hakuwa akinunua ukurasa wa karatasi. Alikuwa akinunua uhakika kwamba watu waliouona ukurasa ule wana saini ya kuidhinisha manunuzi. Majarida mengi pia yalikuwa na kadi iliyojaa namba ndani yake. Kila tangazo lilikuwa na namba yake, msomaji akizungushia duara namba za bidhaa alizozipenda na kuitia kadi posta, na maelezo zaidi yakamfikia kutoka kwa muuzaji. Kadi zile, zilizopotea kabisa siku hizi, zilikuwa kipimo cha kama tangazo limefanya kazi, miongo miwili au zaidi kabla ya kubofya kwenye skrini. Ni yale yale tu ya sensa ya 1964, isipokuwa safari hii walioorodheshwa walikuwa watu, si mashine.

Upanuzi wa nje ya Marekani ulianza mapema kuliko desturi ya kampuni za Kimarekani za ukubwa huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 IDG ilikuwa imeingia Japani kwa gazeti la Kijapani, na mwaka 1974 ilianzisha Computerwoche mjini Munich kwa Kijerumani. Hatua rahisi ingekuwa kusafirisha nakala za Computerworld kwa meli na ndege, kwani wasomaji wengi wa fani hii walisoma Kiingereza. McGovern aliona vingine. Kwa mtazamo wake, msimamizi wa kompyuta wa Ujerumani alihitaji kujua kinachofanyika katika mabenki na viwanda vya Ujerumani, kwa lugha yake, kutoka kwa mwandishi anayeishi huko. Habari kutoka Marekani zilikuwa nyongeza. Kila gazeti la nje lilikuwa na wahariri wake wenyeji na lilipata ruhusa ya kutumia makala za magazeti ndugu, lakini halikulazimishwa kuzitumia. Sweden ilipata Computer Sweden mwaka 1983. Hungaria na Umoja wa Kisovieti zilipata machapisho yao kabla ya mfumo wa kisiasa wa huko kubadilika, wakati ambapo wachapishaji wengine wa Magharibi walikuwa bado wakisubiri kuona.

China ndiyo sura yenye uzito zaidi katika habari hizi za nje. McGovern alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1970, nchi ikiwa ndiyo kwanza inafungua milango yake. Mwaka 1980 IDG na taasisi ya serikali ya China zilianzisha kwa ubia gazeti la China Computerworld, moja ya ubia wa kwanza kabisa kati ya kampuni ya Marekani na China tangu nchi hizo mbili zirejeshe uhusiano wa kibalozi. Kompyuta nchini China zilikuwa chache mno wakati huo, na kwa hesabu za kawaida za matangazo gazeti hilo halikuwa na sababu ya kuwapo. Hata hivyo, wahandisi na maofisa wa mipango walihitaji kujua dunia imefika wapi, nao watengenezaji wa nje walikuwa tayari kulipa ili wajulikane kwa wanunuzi wa kesho. McGovern alisafiri kwenda China zaidi ya mara 100 katika maisha yake. Katika biashara ambayo wengi waliipima kwa robo mwaka, subira ya namna hiyo ilikuwa adimu, na ililipa kwa njia itakayoelezwa mbele.

Afrika Mashariki nayo iliguswa, ingawa kwa kuchelewa na kwa leseni badala ya umiliki. Jarida la CIO East Africa lilichapishwa Nairobi kwa kutumia jina la IDG, likiwalenga wakuu wa idara za teknolojia katika mabenki, kampuni za simu na ofisi za serikali za kanda hii. Lilikuwa jarida la Kiingereza. Kanuni iliyoijenga Computerwoche ya Munich, yaani habari za mahali kwa lugha ya mahali, ilitimizwa Nairobi katika sehemu ya kwanza tu, na hilo ni pengo linalosikitisha kwa yeyote anayejua ni watu wangapi wa kanda hii wanaofanya kazi zao za kila siku kwa Kiswahili.

Ili machapisho mengi kiasi hicho yaendeshwe bila kuvurugana, IDG ilifuata ugatuzi wa hali ya juu. Makao makuu yalikuwa na watu wachache. Kila gazeti au jarida lilikuwa kama kampuni inayojitegemea, lenye mkuu wake, hesabu zake za faida na hasara, na uhuru wa kuamua bei, wafanyakazi na hata mtindo wa jalada. Kitengo kilichonenepa kupita kiasi kiligawanywa. Ukurasa wa mawasiliano ndani ya Computerworld ulikua hadi ukawa toleo la pekee, na mwaka 1986 ukawa gazeti kamili, Network World. Mwaka uliofuata likaja CIO, kwa ajili ya wakuu wa teknolojia waliokuwa wameanza kukaa meza moja na wakurugenzi wa fedha. Wafanyakazi walipewa sehemu ya umiliki kupitia mpango wa hisa. Kila Desemba McGovern alizunguka ofisi za Marekani, meza kwa meza, akimkabidhi kila mfanyakazi bahasha ya bakshishi ya mwisho wa mwaka na kumtajia kitu mahususi alichofanya vizuri. Kampuni ilipofikisha maelfu ya wafanyakazi aliendelea na desturi hiyo. Waliofanya kazi IDG huikumbuka ziara hiyo kuliko mkutano wowote wa bodi.

Ugatuzi ulikuwa na gharama zake. Magazeti mawili ya kampuni moja yangeweza kumfuata mtangazaji mmoja na kushindana kwa bei, na kila nchi ilijenga mifumo yake ya hesabu na ya orodha za wasomaji. Faida ilionekana kuzidi gharama muda wote soko lilipokuwa likipanuka.

Soko lilipanuka kwa namna isiyotarajiwa kompyuta ilipotoka katika chumba chenye kiyoyozi ikaja juu ya meza. IDG iliingia eneo hilo mwishoni mwa 1979 kwa kununua gazeti dogo la California lililoitwa Intelligent Machines Journal, lililoanzishwa na Jim Warren, na mwanzoni mwa 1980 likapewa jina la InfoWorld. Agosti 1981 IBM ikatoa kompyuta yake binafsi, PC. Miezi michache baadaye David Bunnell, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya MITS iliyotengeneza kompyuta ya Altair, alianzisha San Francisco jarida la PC Magazine pamoja na wenzake. Jarida lilivuma mara moja, na pesa za kuliendesha zikatakiwa zaidi ya walizokuwa nazo. McGovern alitaka kulinunua, na Bunnell na timu yake walitaka liende kwake. Mwenye fedha aliyeshika hisa nyingi akaliuza kwa Ziff Davis mnamo Novemba 1982.

Kilichofuata ni moja ya habari za ajabu katika historia ya majarida. Kati ya wafanyakazi 52 wa PC Magazine, 48 waliacha kazi wakamfuata Bunnell, na kwa fedha za IDG wakaanzisha PC World. Toleo la kwanza, la mwaka 1983, lilikuwa na kurasa zaidi ya 300, kiasi ambacho jarida jipya halikupata kuwa nacho kwa kawaida. Mashauri mahakamani yakafuata. Ziff Davis nayo haikufa kwa kuondokewa na wafanyakazi. Iliajiri wapya, ikajenga maabara ya kupima bidhaa, na PC Magazine ikawa jarida kubwa zaidi la fani hii nchini Marekani. Januari 24, 1984, siku Apple ilipoitambulisha kompyuta ya Macintosh, timu ya Bunnell ilikuwa na toleo la kwanza la Macworld tayari, Steve Jobs akiwa kwenye jalada.

Ushindani wa IDG na Ziff Davis uliendelea hadi mwisho wa karne, na tofauti yao inafundisha. Ziff Davis, iliyoanzishwa mwaka 1927, ilizoea majarida ya watu wenye mapenzi na jambo fulani, kama vile ndege, kamera na magari, na nguvu yake ilikuwa kulijua jarida moja hadi ndani na kulifanya kuwa bora katika soko kubwa moja. IDG ilikuwa na majarida machache yaliyoshika namba moja Marekani, lakini ilikuwa na ndugu wa kila jarida katika nchi kadhaa. Katika ubora wa ukurasa mmoja mmoja, Ziff Davis ilistahili sifa zaidi. Katika upana na katika kudumu, IDG iliishinda. Ziff Davis iliuzwa mwaka 1994 na tena mwaka 1995, mara hii kwa kampuni ya SoftBank ya Japani kwa dola bilioni 2.1, wakati IDG ilibaki mikononi mwa mwanzilishi wake.

Upande wa vitabu, kitengo cha IDG Books kiliundwa mwaka 1990. Novemba 1991 kilitoa DOS for Dummies, kilichoandikwa na Dan Gookin kwa ajili ya watu waliolazimishwa na kazi zao kutumia kompyuta wasiyoielewa. Nakala za kwanza zilikuwa 7,500 tu, na baadhi ya maduka makubwa ya vitabu yaliogopa kwamba wateja wangeudhika kuitwa wajinga na jalada. Wateja hawakuudhika. Mfululizo huo ulivuka mipaka ya kompyuta ukaingia katika fedha, upishi, muziki na ndoa, ukatafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1998 kitengo kiliingizwa katika soko la hisa, mwaka 2000 kikabadili jina kuwa Hungry Minds, na mwaka 2001 kikanunuliwa na John Wiley & Sons.

Kilele cha majarida ya teknolojia na mwanzo wa mteremko wake vilikutana katika jarida moja. The Industry Standard, lililoanzishwa mwaka 1998 na John Battelle kwa fedha za IDG, liliandika habari za biashara ya intaneti kila wiki. Katika mwaka 2000 liliuza zaidi ya kurasa 7,000 za matangazo, kuliko jarida lolote Marekani. Watangazaji wengi walikuwa kampuni changa za intaneti zilizotumia fedha za wawekezaji, na kampuni hizo zilipofilisika kurasa zilitoweka nazo. Agosti 2001 jarida likafungwa. Miaka mitatu ilitosha kulipandisha na kulizika, na hapana mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi jinsi jarida linavyoweza kubebwa kabisa na kundi moja la watangazaji.

Kuanguka huko kulikuwa kwa ghafla. Kile kilichofuata kilikuwa cha polepole na kikali zaidi. Bei za bidhaa, majaribio ya mashine, nafasi za kazi na habari za wiki, kila kimoja kilipata nyumba yake kwenye intaneti. Msomaji wa fani ya kompyuta ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwa na intaneti mezani, kwa hiyo majarida ya teknolojia yaliumia kabla ya mengine. Mtangazaji naye aligundua kwamba injini ya utafutaji inamletea mnunuzi kwa uhakika kuliko kadi ya namba. InfoWorld iliacha karatasi mwaka 2007. PC World ya Marekani ilifuata mwaka 2013. Mwaka 2014, Computerworld ilifunga matoleo ya karatasi baada ya miaka 47, na Macworld ya Marekani nayo ikahamia mtandaoni. Machapisho hayo hayakufa, lakini mapato ya ukurasa wa skrini hayakufikia yale ya ukurasa wa karatasi.

Mapato yalipopungua, shinikizo la watangazaji juu ya wahariri lilizidi. Mei 2007 mhariri mkuu wa PC World, Harry McCracken, alijiuzulu baada ya makala moja iliyoikosoa Apple kuzuiwa na uongozi wa jarida. Habari zilienea, wasomaji na waandishi wenzake wakapaza sauti, na ndani ya siku chache kampuni ilimrudisha kazini, ikamhamisha mkuu aliyehusika na makala ikachapishwa. Kampuni ilitenda haki. Lakini kwamba jambo hilo lilitokea katika jarida lililokuwa na jina kubwa kiasi kile ni dalili ya jinsi msingi wa kifedha ulivyokuwa umetikisika.

Wakati majarida yalipokuwa yakikonda, subira ya China ilikuwa imeanza kuzaa. Mwaka 1993 IDG ilianza kuwekeza mitaji katika kampuni changa za teknolojia nchini humo, kabla ya wawekezaji wengi wa Marekani kufikiria kufanya hivyo. Miaka kumi na zaidi ya kuchapisha gazeti ilikuwa imeipa ujuzi wa watu: wahandisi, maofisa na vijana wenye mawazo. Miongoni mwa kampuni ilizoingia mapema ni Tencent na Baidu. Faida ya uwekezaji huo ilikuwa ya kiwango ambacho ada za wasomaji na kurasa za matangazo zisingeweza kukifikia. Sehemu ya utajiri wa McGovern ilirudi pale alipoanzia: mwaka 2000 yeye na mkewe, Lore Harp McGovern, waliahidi dola milioni 350 kwa MIT kuanzisha taasisi ya utafiti wa ubongo, jambo lililomvutia tangu ujana.

McGovern alifariki Machi 19, 2014, akiwa na miaka 76, baada ya kuiongoza kampuni kwa nusu karne. Umiliki wake ulikwenda kwa wakfu ulioachwa kwa jina lake, na mwaka 2017 kampuni ikauzwa kwa wanunuzi wawili wa China, China Oceanwide na kampuni ya uwekezaji ya IDG Capital. Serikali ya Marekani iliukubali uuzaji huo baada ya kitengo kimoja cha IDC, kilichofuatilia kompyuta zenye nguvu kubwa kabisa, kutengwa na kubaki Marekani. Mwaka 2021 kampuni ya uwekezaji ya Blackstone iliinunua IDG kwa dola bilioni 1.3, na mwaka uliofuata kitengo cha habari na matangazo kilichobeba Computerworld, PCWorld, Macworld na CIO kikapewa jina jipya la Foundry. Mwaka 2025 Foundry iliuzwa peke yake kwa kampuni ya Regent. IDC, kampuni ya kuhesabu kompyuta iliyoanza katika nyumba ile ya Newton, haikuwamo katika mauzo hayo. Blackstone ilibaki nayo.